Boti ya Kumfuata Mama Nansio

Siku ile tulikuwa wanne: mzee wa Kizungu aliyekuwa fundi mkuu wa kinu cha kuchambua pamba hapa Mwanza, mkewe, mdogo wangu wa kike aliyekuja kuwasaidia kufunga vyombo, na mimi, fundi niliyefanya kazi chini ya mzee yule zaidi ya miaka ishirini. Uhuru ulikuwa umekaribia, nao walikuwa wanarudi kwao.

Mke wa mzee alikuwa anaviringisha picha ya mwanawe kwenye gazeti. Kijana amesimama mbele ya ndege ya mabomu, kofia ya ngozi kichwani, anacheka. Alikuwa rubani wa ndege hiyo. Ilidunguliwa vitani, naye akafa akiwa na miaka ishirini na mbili.

"Alikuwa kijana mwema," nikasema.

"Mwema? Mwizi wa boti huyo, bwana!" mzee akasema. "Aliniharibia rafadha ya injini. Namuuliza alikuwa wapi, kimya."

Mdogo wangu akanigeukia. "Kaka, utawaacha waondoke hivihivi?"

Nikavuta kiti bila kukaribishwa, nikawasimulia.

Mwaka ule wa kuibwa boti, mama yetu alifia Nansio, kisiwani, alikokwenda kutibiwa. Baba alikwisha kufa. Mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la nne, nafagia karakana ya kinu ili wadogo zangu watatu wapate kula. Mama alitaka kuzikwa Igombe, kando ya baba, lakini wenye mitumbwi walikataa kumvusha. Walisema mtumbwi uliobeba maiti samaki huukimbia. Nikawa nalia nyuma ya marobota ya pamba. Kijana yule akanikuta, akaniuliza kisa, kisha akasema kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisukuma, "Basi twende tukamlete."

Boti ya baba yake alikuwa amekatazwa hata kuigusa. Tulipokuwa tunarudi ziwa lilichafuka. Alivua koti akamfunika mama asilowe, akaendesha huku anatetemeka kwa baridi. Igombe tukagonga mwamba, rafadha ikapinda. Aliingia majini hadi kifuani, akatia bega chini ya machela pamoja na wajomba zangu. Hakuondoka mpaka kaburi lilipofukiwa.

Njiani akaniambia, "Usiseme ulikuwemo. Mzee atakufukuza kazi, na hawa wadogo watakula nini?"

Alibeba lawama peke yake. Akaenda vitani baba yake hasemi naye. Mimi nilinyamaza, mwanzoni kwa hofu ya kufukuzwa, na baada ya simu ya kifo chake kufika, kwa aibu.

Nilipomaliza, mama yake alinishika mkono. "Huyo ndiye mwanangu," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini uso wake ulikuwa umechangamka.

Mzee aliichukua picha, akaitoa gazetini.

"Alituandikia barua tatu," akasema. "Mama yake ndiye aliyejibu. Mimi nilikuwa nangoja aniombe radhi kwanza." Kisha, bila hasira, "Ungeniambia mapema, fundi, ningemwandikia."

Nikaipokea picha, nikaiviringisha upya kwenye gazeti.

Kwa kazi ile aliyoniokolea kijana yule nimewalea wadogo zangu na kuwasomesha wote watatu. Mmoja sasa ni mwalimu. Watu husema nimemaliza wajibu wangu. Kwa wadogo zangu, huenda. Kwake bado nadaiwa ile barua ambayo baba yake hakuiandika, na sijui mtu huilipaje.