Upande wa Nyuma wa Televisheni ya Baba Ndaki

Wakati tunakua sisi, mtu akitaka kusema hujui kuimba alivaa ndala zake, akatembea mpaka kwenu, akasalimia, akapewa kigoda, ndipo akasema. Na akishasema alibaki amekaa palepale, unamwona, anakuona, na kesho yake chumvi ikimwishia atakuja kuomba kwa mama yako yuleyule. Kwa hiyo alipima maneno. Naandika haya nikiwa na hasira, sitawadanganya, na sababu yake nitaisema. Lakini kwanza nirudi Nyakato, kwenye nyumba za wafanyakazi wa viwandani, miaka ile ya soko huria, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza kuangalia televisheni, na sijaona tena watu wanaoiangalia vile.

Mnaokumbuka mtakubaliana nami kwamba miaka ile kila kitu kipya kilikuwa na kesi ya kujibu. Mitumba tuliiita kafa Ulaya, na mama aliichemsha kwanza, akaianika juani, halafu akanusa kwapani kama vile marehemu ameacha neno. Maziwa ya paketi yametoka kwa ng'ombe gani, nani amemwona? Magugu maji yalipojaza ziwa watu walisema yameletwa makusudi, ila kila mtu alikuwa na mletaji wake. Minofu ya sangara ilipanda ndege, sisi tukabaki na mapanki, yale mafuvu na miiba ya viwandani. Mama aliyakaanga mpaka yakawa yanavunjika kama biskuti, harufu inafika mtaa wa tatu, na sisi tunafyonza macho ya samaki huku tukiulizana hao wanaokula minofu huko mbali wana meno au hawana. Leo mwanangu nikimwekea kichwa cha samaki anafunika sahani kwa mkono, anasema kinamwangalia.

Ila iliyoshukiwa kuliko vyote ilikuwa televisheni.

Wa kwanza kuwa nayo mtaani kwetu alikuwa Baba Ndaki, msimamizi wa zamu kiwandani, pamoja na dishi kubwa la waya ambalo kuku walilifanya kivuli chao. Kioo alikifunika kwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Watoto tulinawa miguu kabla ya kuingia, na aliyepiga chafya alitolewa nje, kwa sababu Baba Ndaki aliamini chafya inaharibu picha. Bibi yangu mzaa mama alipokuja kututembelea kutoka Magu aliiangalia kidogo tu, akauliza, "Hawa watu wanatuona tulivyokaa?" Akaambiwa hawaoni. "Sasa huyu mbona anasema habari za jioni? Anamsalimia nani?" Mpaka leo mimi mwenyewe sijapata jibu la kuniridhisha.

Bibi alikuwa na sababu yake ya kuichukia. Binti yake wa mwisho, mama mdogo Kabula, alikuwa ameondoka kwenda Dar es Salaam na kikundi cha sanaa bila kuaga. Nilimpenda mama mdogo Kabula kuliko pipi. Alipokaa kwetu yeye ndiye aliyekuwa akinisuka, na alisuka kwa kuimba, mstari mmoja msuko mmoja, hivyo wimbo ukiwa mrefu nywele zilitoka nzuri, na siku akiwa na haraka nilikwenda shule na wimbo nusu kichwani. Alipoondoka nikanyolewa. Magu wakasema mengi. Wakasema hakuna sanaa huko, kuna baa. Bibi naye, badala ya kumtetea mwanawe, akaapa: mpaka asikie kwa masikio yake mwenyewe kwamba huyo mtoto anaimba kazi ya heshima, asikanyage kwake. Na Bibi akiapa hakuwa mtu wa kutengua.

Ndipo Kabula akatuma salamu kwa dereva wa basi: Jumamosi jioni kikundi chao kitacheza mchezo wa kuigiza wa nyimbo jukwaani, na televisheni itaurusha moja kwa moja. Mama akambembeleza Bibi asirudi Magu kabla ya Jumamosi. Bibi akakubali, kwa sauti ya mtu anayekwenda kutoa ushahidi mahakamani.

Siku hiyo watu walizidi sebule. Baba Ndaki akatoa meza uani, akavuta waya dirishani, akaiweka televisheni katikati ya uwanja kati yetu na ua wa minyaa. Jua lilikuwa bado lipo. Tukakaa kwenye mikeka, wakubwa kwenye vigoda, na Mama Koku, nesi wa Kihaya aliyekaa nyumba ya pili, akaja na kiti chake mwenyewe chenye mgongo, kwa sababu hakuwa mtu wa kukaa chini kwa ajili ya sanduku.

Mchezo ulihusu wakulima wa pamba na mnunuzi mpya mwenye mizani ya wizi. Jambo lililotushinda ni kwamba watu wale hawakuongea. Kila kitu waliimba. Mwanamume akitaka maji anaimba, mkewe anamjibu kwa wimbo kwamba maji hayapo, na watu walio nyuma wanaitikia kwamba kweli hayapo.

"Atakufa na kiu huyu," Baba Ndaki akasema.

"Mimi mume wangu angekuwa anagombana kwa kuimba," Mama Koku akasema, "si ningekuwa bado niko kwenye ndoa."

"Na hiyo ni kanda, jamani," ikasema sauti moja ya nyuma. "Wanachezesha midomo tu. Mtu gani anaruka hivyo asihemewe?"

Basi uwanja ukagawanyika, wanaosema ni sasa hivi na wanaosema ni kanda ya tangu mwaka jana. Mama yangu akawa anajikaza. Bibi alikuwa ameweka mikono kwenye magoti. Halafu akauliza, "Wapinzani wao wako wapi?"

Wapinzani gani, Bibi? Akatuangalia kama wajinga. Kwetu Usukumani, mavuno yakiisha, vikundi viwili vya ngoma hucheza siku moja, uwanja mmoja, kimoja huku, kingine kule. Hakuna jaji wala alama. Watazamaji wanahama. Ngoma ikinoga upande wa pili unabeba kigoda chako unakwenda, na unaowaacha wanauona mgongo wako. Ndivyo wanavyojua wameshindwa. "Sasa hawa," Bibi akasema, akiinyooshea kidole televisheni, "mimi nikiinuka hapa nikaenda zangu, wataona?"

"Hawataona, mama," mama yangu akajibu.

"Na nikikaa wataona?"

"Hawataona."

"Basi hii siyo ngoma. Huu ni uchawi."

Watu wakacheka, lakini mimi niliona mama anafuta macho, kwa sababu Kabula alikuwa bado hajatokea na Bibi alikuwa ameshaanza kutafuta ndala zake kwa miguu.

Kisha akatokea. Kajifunga kitenge cha kijani, kabeba mfuko wa pamba kichwani, kanenepa kidogo shingoni. Nikapiga kelele nikanyamazishwa. Bibi akasogeza uso mpaka karibu na kioo. "Wamemvisha mtu," akasema. "Siyo yeye."

"Ni Kabula, mama."

"Sauti wamempa ya mtu mwingine. Kabula hana sauti nyembamba hivyo."

Kabula akafika kwenye mizani, ile kubwa ya kuning'inia kwenye miti mitatu, akaanza kumwimbia mnunuzi ubeti wa malalamiko. Na hapo, mbele ya nchi nzima, miti ikateleza. Mizani ikaanguka kwa kishindo, mfuko ukapasuka, na mnunuzi aliyetakiwa kujibu akabaki mdomo wazi. Wapiga vyombo wakaacha mmoja mmoja. Kimya. Kwenye uwanja wa Baba Ndaki unasikia kuku tu.

"Kanda imekwama," ikasema ile sauti ya nyuma.

Kabula akaiangalia pamba iliyotapakaa. Akainama, akaanza kuiokota, na akiokota akaanza kuimba Kisukuma. Siyo ile sauti nyembamba. Sauti ya kifuani, ya kunisukia. Ulikuwa wimbo wa kulimia, na hakuna kikundi kilichoujua wala redio iliyowahi kuupiga, kwa sababu Bibi aliutunga mwenyewe shambani akiwa mke mchanga, kumsema wifi yake aliyekuja kulima bila jembe. Unasema: nimekuja na mkono tu, jembe mtanipa ninyi, na nisipopewa nitalima kwa kucha. Watu wa jukwaani hawakuelewa neno, lakini walikuwa waimbaji, wakashika kiitikio. Ngoma ikaingia. Mpaka yule mnunuzi wa wizi akainama kuokota pamba.

Hapa kwetu maoni yakaanza kumwagika.

"Ameharibu," Mama Koku akasema. "Mchezo wa watu umeandikwa, yeye analeta kilugha. Kawaaibisha wenzake. Nilijua tu."

"Kweli, mambo ya shamba yanaingiaje hapo," wakaitikia wawili watatu, na mtu akacheka, kile kicheko cha pua.

Bibi akainuka. Nilidhani anaondoka. Mama naye alidhani hivyo, akasema taratibu, "Mama, subiri basi."  Bibi alibeba kigoda chake, akapita katikati ya mikeka bila kuomba njia, akaizunguka meza, akakiweka kigoda nyuma ya televisheni, pale kwenye ua wa minyaa, akakaa akitutazama sisi.

"Mimi nimehamia huku," akasema. "Huyo ni wangu. Wimbo huo hawakumfundisha huko."

Mama yangu akamfuata. Kisha mimi, nimeshika sketi ya mama. Kisha Mama Ndaki, mwenye nyumba, ambaye alikuwa mtu wa Magu na alielewa mara moja. Wasukuma wote uwanjani walielewa. Wakaanza kuinuka na mikeka yao, watu wazima, wazee wa zamu, wanazunguka meza wanakuja kujibana kwenye minyaa, na utomvu ule unavyowasha. Hakuna aliyekuwa anaona mchezo tena. Tulikuwa tunaangalia mgongo wa televisheni, vitundu na vumbi na waya mmoja mwekundu, na Kabula anaimba upande wa pili.

"Jamani mnaangalia nini huko?" Baba Ndaki akalia. "Huko kuna nyaya tu. Picha iko huku."

"Picha tumeshaiona," akajibu Bibi.

Baba Ndaki akatikisa kichwa, akaja. Mbele akabaki Mama Koku na kiti chake chenye mgongo, anaangalia kioo peke yake, na sisi wote tunamwangalia yeye. Alivumilia kidogo. Halafu akasimama, akaburuza kiti. "Nyie Wasukuma mna nini lakini?" akasema akisogea. "Mnataka nibaki kule peke yangu kama mchawi?" Akakaa pembeni ya Bibi, na kiitikio kilipozunguka tena nikamsikia anaitikia, kwa Kihaya chake, vibaya kabisa.

Mama mdogo Kabula alipopata likizo alikwenda Magu moja kwa moja. Tulipomsimulia habari ya uwanja wa Baba Ndaki alicheka, kisha akatoka akakaa nyuma ya nyumba, na alipoingia macho yalikuwa mekundu. Hakuwa ameona kitu siku ile, bila shaka. Alisema mizani ilipoanguka aliona taa tu na giza, na alidhani nyumbani wote wanamcheka.

Sasa sababu ya hasira yangu.

Binti yangu wa kwanza nimempa jina la Kabula. Tunakaa Mkolani, yuko darasa la nne. Shule yao iliandaa mchezo wa nyimbo jukwaani, ukarushwa mubashara, kama mnavyosema siku hizi, kwenye mtandao. Mwanangu alisahau mstari mmoja. Akanyamaza, akameza mate, akaendelea. Ni hayo tu. Nilipofungua simu nikakuta maoni: sauti kama mlango wa choo, nani kamweka huyo wa kilemba cha njano, mtoeni. Na vile vikatuni vinavyocheka mpaka machozi. Majina yao ni ya kujificha, maua na simba. Wengine ni wazazi wa shule ileile, najua, kwa sababu nani mwingine anaangalia mchezo wa darasa la nne? Nawashuku wote. Nikienda kikao cha wazazi siangalii nyuso, naangalia vidole. Niliandika kwenye kundi letu: mwenye neno na mwanangu aje Mkolani, chai ipo, akae, aseme. Hakuja mtu. Walinitumia kidole gumba.

Na mtoto alikuwa ameshayasoma kabla sijamnyang'anya simu. Tangu hapo aliacha kuimba. Shuleni, kanisani, bafuni, kimya.

Sisemi kwamba enzi zetu watu walikuwa wema. Mama Koku alikuwa na ulimi wa wembe, na Magu walimsema mama mdogo maneno ambayo siwezi kuyaandika. Lakini tuliwaona. Na waliokuwa upande wetu tuliwaona pia, walitembea, waliwashwa na minyaa. Watoto wa sasa wanaonyeshwa namba ya waliotazama, na namba haina miguu.

Jana jioni nilikuwa sebuleni nakunja nguo. Jikoni sahani zilikuwa zinagongana, kisha nikasikia chini kabisa, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole, ule mstari aliousahau. Akaukosea tena. Akaurudia. Nikaacha nguo. Nikabeba kigoda changu, nikapita mlangoni, nikakiweka karibu na karai la vyombo, nikakaa.

Akanyamaza, akaniangalia, povu limemfika viwikoni.

"Mama, mbona umehamia huku?"