Yule Mzee Aliyetoka Mbio

Nianze na donge langu. Mimi Theresia, niliyebatizwa kabla sijaota meno, nilikataliwa kusikiliza Biblia. Akachukuliwa jirani yangu Bi Mwaisha, Mwislamu, muuza vitumbua, ambaye Krismasi huja kwangu kufuata pilau tu. Si uonevu huo?

Mwalimu Laurenti, anayefasiri Biblia kwa Kiluguru, alinieleza taratibu. "Dada Theresia, hadithi hizi unazijua. Nikikosea, kichwa chako kitanisahihisha bila wewe kujua. Nataka mtu asiyejua kitu."

"Basi kwa kutojua umepata bingwa," nikamwambia.

Mwaisha mwenyewe aliuliza jambo moja. "Sibatizwi lakini?"

"Hubatizwi, Mama Sufiani. Nakusomea, kisha unanisimulia ulichosikia. Ila tafadhali usiyatangaze, bado hayajakaguliwa."

Kumwambia Mwaisha asitangaze! Watu wanapanda mlima kununua vitumbua vyake ili wapate habari. Vitumbua vyenyewe vinachuruzika mafuta. Ila kuna jina moja alikuwa halitaji: Sufiani, mwanawe wa pekee. Mama alikwenda msibani, kurudi akakuta cherehani yake imeuzwa na kijana kakimbilia Dumila kufanya biashara ya nyanya. Biashara ikaoza pamoja na nyanya zake. Akawa anapiga simu, mama hapokei. "Akanyage hapa aone!" Hiyo ndiyo ilikuwa dua yake, na jioni bado akisonga ugali wa watu wawili.

Kikao kikawa barazani kwangu, nami nikaruhusiwa kupika chai na kufunga mdomo. Laurenti akasoma ile habari ya kijana aliyedai urithi baba yake akiwa hai, akautapanya, akarudi na njaa yake. Mwaisha aliketi wima, akawa anaguna na kutikisa kichwa. Kisha akaambiwa asimulie.

"Baba kamwona kwa mbali. Katoka mbio, kamkamata shingo, kammaliza. Ng'ombe akachinjwa, watu wakaja wakala hitima. Kaka mtu akagoma kuingia msibani, na simlaumu. Hadithi nzuri sana, mwalimu. Sikujua wenzetu mna mambo ya maana hivi."

Chai ilinipalia. Laurenti akatoa macho. "Kammaliza? Umesikia wapi hilo?"

"Mtu mzima anakimbia hovyo? Huku kwetu mzee akitoka mbio kukufuata, ujue umekwisha. Na ng'ombe ni wa hitima. Furaha ni kuku. Halafu mzee mwenyewe kasema mwanawe alikuwa amekufa. Sasa mimi nielewe nini?"

Laurenti akarudia kusoma karatasi yake kimoyomoyo, jasho likamtoka. Pale ambapo baba anamwonea mwanawe huruma hapakuwepo. Palirukwa wakati wa kuchapa. Yeye na wenzake walisoma tena na tena, na kila mara vichwa vyao vikaziba pengo, maana habari hiyo wanaijua tangu utoto. Na mimi hapo hapo na birika langu, nilikuwa nimeisikia huruma ambayo hakuna aliyeisoma! Donge langu likapungua. Kidogo tu.

Laurenti aliporudi na andiko lililosahihishwa, huruma imo, kukumbatiana kumo, na ngoma zinalia. Safari hii Mwaisha alisikiliza kimya.

"Yaani hakumpiga?"

"Hakumpiga, Mama Sufiani."

"Hata kibao?"

"Hata kibao."

"Mzee mjinga huyo," akasema, akaangua kilio, akapenga kamasi kwa mtandio wake. Tukadhani ni utamu wa hadithi. Kumbe siku ya kikao cha kwanza, kwa raha zake, alipokea simu ya Sufiani, akamsimulia yote: kijana karudi, baba katoka mbio, ng'ombe kachinjwa, hitima ikaliwa. "Nikamwambia, hata kwa Wakristo ndivyo ilivyo. Akakata simu."

"Mama Sufiani, nilikuomba usitangaze!"

"Sikutangaza. Nilimwambia mtu mmoja."

Tukapiga ile namba, haipatikani. Akapiga kesho yake na keshokutwa, haipatikani. Vitumbua vikaanza kuungua. Watu wakija kuuliza habari, anawaambia hana, na mimi nikaogopa kweli, kwa sababu Mwaisha asiye na habari ni mgonjwa.

Hata siku moja tunachambua maharage, mtu akatokea chini kwenye migomba, amekonda, kabegi mgongoni. Sufiani. Njaa ilikuwa imeushinda woga. Mwaisha akasimama, ungo ukaenda huko, maharage yakamwagika. Mwanamke huyu, ambaye goti lake humzuia hata kunirudishia sufuria yangu, akatoka mbio.

Sufiani akamwona mama yake anamjia mbio. Mungu wangu! Akageuka, akateremka mlima kama mbuzi, akavuka kijito, ndipo akathubutu kuangalia nyuma.

"Sufianiii! Rudi!" Bonde zima lilisikia. "Siyo ile! Ile ilikuwa haijakaguliwa!"

Kijana akabaki ng'ambo, anahema.

"Ng'ombe je, mama?"

"Hakuna ng'ombe, mwanangu! Nachinja kuku!"

Ndipo akavuka.