Mirija Iliyolala Mzungu wa Nne

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo ya matope, chekeche moja na brashi ya kuchorea iliyobaki na nywele tatu. Nilikuwa nimevaa gauni langu la Jumapili, kwa sababu mama aliniambia maabara ni ofisi kama ofisi nyingine. Mkuu wa Maabara, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni, aliniangalia kuanzia kichwani hadi viatuni, kisha akanipa aproni ya mpira.

"Wewe ndiye msaidizi mpya, yule wa Lushoto?"

"Shikamoo. Ndiyo mimi."

"Marahaba. Bahari umewahi kuiona?"

"Nimeiona jana, nikiwa ndani ya basi."

"Basi leo utaiona sakafu yake," alisema, akanisogezea ile ndoo.

Hivyo ndivyo mimi, binti wa wakulima wa mboga wa Bumbuli, jirani na wachuma chai wa Mponde, nilivyoingia katika kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu: kutafuta, kwa kusoma matope ya chini ya bahari, jinsi maji ya bahari yalivyokuwa yakizunguka zamani. Vijana wa sekondari hapa kwetu wakinisikia hudhani nawatania. Mtu wa milimani, tena mwenye kuogopa maji yakimfika magotini, kapataje ugali wake baharini? Nawaandikia ninyi, na mkitaka kucheka chekeni, mimi mwenyewe nacheka.

Bahari haitulii. Juu inasukumwa na upepo, hilo kila mtu analiona. Lakini chini kabisa, kwenye giza, kuna mikondo mingine. Maji baridi yaliyozama kule kusini kwenye barafu hutambaa sakafuni kuja kaskazini, na mengine hupita mbali mbele ya pwani yetu. Wakati huohuo vumbi, udongo wa mito na magamba ya viumbe vidogo hushuka kutoka juu bila kukoma, vikatulia chini tabaka juu ya tabaka. Hayo tunayaita mashapo. Tabaka la juu ni la juzijuzi, na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyorudi nyuma maelfu ya miaka. Mkondo ukiwa na nguvu huzoa chembe laini na kuacha zile nene kidogo. Ukilegea, zile laini nazo hutua. Kwa hiyo ukipima unene wa chembe katika kila tabaka, unajua mkondo ulikuwa na kasi gani wakati ule. Nilipomweleza mama haya yote, na maneno makubwa niliyojifunza, alinisikiliza hadi mwisho akasema, "Kumbe ni kupepeta."

Mwaka wangu wa kwanza ulipita kwenye chumba cha hadubini. Matope yaliyooshwa kwenye chekeche huacha chenga nyeupe, na ukizitazama kwa hadubini unakuta ni magamba ya chokaa ya foramu, viumbe wadogo kuliko punje ya chumvi. Kazi yangu ilikuwa kulowesha brashi kwa ncha ya ulimi, kugusa gamba moja na kulihamishia kwenye kisahani cheusi, kila aina na chumba chake. Baadaye magamba hayo yalipimwa kaboni iliyomo, nzito na nyepesi, na kutokana na hesabu hiyo wakubwa walijua maji yale yalikuwa yamekaa chini muda gani tangu yalipoagana na hewa. Niliipenda kazi ile tangu wiki ya kwanza. Yapo magamba yenye umbo la mkate wa kumimina, yapo yenye miiba, na mengine yamejisokota vizuri hata unasikitika kuyapeleka kwenye mashine.

"Usichague wanaokupendeza," Mkuu alikuwa akisema akipita nyuma yangu. "Hata wabaya wana habari."

Kisha nikahamishiwa ghala la mirija. Mashapo huchotwa na meli kwa bomba refu linalodidimizwa sakafuni, likatoka limejaa matope yaliyopangana vilevile yalivyolala. Bomba hukatwa vipande vya urefu wa mkono au zaidi kidogo, na hiyo ndiyo mirija. Hutunzwa kwenye chumba cha baridi ili isikauke. Watu wa Dar es Salaam waliingia mle wamevaa makoti na bado meno yaligongana. Mimi niliingia na kanga mabegani nikajiona niko nyumbani mwezi wa saba. Mtunza Ghala, mzee mpole aliyewahi kuwa baharia, aliniambia hajawahi kupata msaidizi asiyeomba ruhusa ya kutoka kuota jua.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Mtunza Ghala alikwenda kwao msibani, na wiki hiyohiyo meli ikashusha bomba moja refu lililokatwa vipande kumi na viwili. Nililipokea peke yangu. Kila kipande kilikuwa na kibati chenye namba yake na mshale uliochorwa ubavuni kwa penseli ya nta, kuonyesha upande wa juu. Mirija ilikuwa michafu kupita kiasi, imeganda matope na grisi ya meli. Vijana, mimi nimelelewa kwenye nyumba ambayo karoti haiendi sokoni bila kuoshwa mtoni mpaka ing'ae. Nilichukua maji, sabuni na brashi ngumu, nikasugua kila mrija kama sufuria. Mishale ikaondoka na uchafu. Niliona, lakini nilikuwa nimeiweka yote kwa mpangilio, na namba zilikuwepo, kwa hiyo sikuona neno.

Kulikuwa na tatizo dogo. Mirija ile ilikuwa na vifuniko vinene upande wa juu na vyembamba upande wa chini, na ukiilaza yote upande mmoja sanduku linavimba huku na kubonyea kule. Nikafanya tunavyofanya kwetu tukipakia liki, ile mboga ndefu ya jamii ya kitunguu, kwenye tenga, shina huku, majani kule. Nikailaza mirija mzungu wa nne, kama watoto wanaolala kitanda kimoja, huyu kichwa hapa na yule miguu hapa. Sanduku likafungika vizuri sana. Nilijipongeza.

Fundi wa kupasua mirija alipoifungua hakujali unene wa vifuniko, maana kila meli ilikuwa na vyake. Aliipasua akijua, kama kila mtu anavyojua, kwamba mirija hulazwa ikielekea upande mmoja. Miezi ikapita, vipimo vikafanyika, na Mkuu akaja na mchoro wake akiwa na furaha ambayo sijapata kuiona usoni mwake. Mstari ulipanda, ukaanguka ghafla, ukapanda tena ghafla.

"Mkondo ulikuwa unakatika," alituambia. "Unakatika na kurudi, kama umeme wetu. Hakuna aliyewahi kuliona hili."

Mchoro ulipangwa kwa miaka, haukupangwa kwa vipande, ndiyo maana hata yeye hakuona kwamba kila mahali mstari ulipokatika kilianza kipande kingine. Alialikwa kwenda kulizungumza kwenye mkutano wa wataalamu wa bahari. Mimi nilikuwa nimebakiza mwezi mmoja wa kipindi changu cha majaribio cha miaka miwili, na niliahidiwa barua ya ajira. Nikaomba likizo ya siku tano, nikaenda nyumbani nikiwa mtu mwenye raha.

Asubuhi ya pili nilikuwa kando ya barabara na mama na kaka yangu mkubwa, tukipakia liki kabla lori la kushuka Mombo, chini kwenye barabara kuu, halijafika. Jirani akapita, akatusalimu kwa Kisambaa, "Onga makeo," tukamjibu bila kuinua vichwa. Niliweka liki mbili zimeelekea upande mmoja.

"Geuza," mama aliniambia. "Huko Dar umesahau hata kupanga tenga? Mmoja hivi, mmoja hivi."

Nikaigeuza. Na mkono wangu ukabaki palepale juu ya tenga, kwa sababu niliiona ile mirija nilivyoilaza, na mishale niliyoifuta.

"Una nini?" kaka aliuliza.

Nikawaeleza. Mama hakuelewa foramu wala kaboni, lakini kupanga alikuelewa kabisa.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Hakuna. Mimi tu."

"Ukisema watakufukuza?"

"Wanaweza. Ajira yenyewe bado sijapewa."

"Na usiposema?"

"Mkuu wangu atasimama mbele ya watu na jambo ambalo halikutokea."

Mama aliendelea kupanga, liki mbili, tatu. Najua alikuwa akiufikiria mshahara wangu, maana ndio uliokuwa ukimsomesha mdogo wangu. Lori lilipofika, akafuta mikono kwenye kanga.

"Tenga likipangwa vibaya linafunguliwa, linapangwa upya," alisema. "Panda lori hili hili. Ukifika Mombo utapata basi." Halafu, nikiwa nimeshakanyaga ngazi ya lori, akaniuliza, "Lakini uliiosha?"

"Kwa sabuni."

"Angalau."

Mkuu nilimkuta ofisini anafunga begi la safari. Nilitoa shikamoo, akaitikia, nikasema yote bila kupumua. Aliliacha begi, akavua miwani.

"Uliisugua?"

"Nilisugua, Mkuu."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Kwetu mboga haishuki Mombo na udongo."

Aliniangalia nikadhani sasa ananitoa nje. Badala yake akauliza, "Kipande kipi kiligeuzwa, na kipi hakikugeuzwa? Unaweza kukumbuka?"

"Cha kwanza kilikuwa sawa, cha pili kichwa chini, hivyo hivyo mpaka cha kumi na mbili. Kupanga sikosei."

Akachukua mkasi. Akaukata ule mchoro vipande kumi na viwili, kila kimoja na namba yake, tukapiga magoti sakafuni, mimi na yeye. Vya namba shufwa tukavichora upya vimegeuzwa, mwisho ukawa mwanzo. Mstari wa kipande cha kwanza ukaishia pale hasa ambapo wa pili ulianzia. Wa pili ukaingia kwenye wa tatu. Tulipofika cha kumi na mbili, mstari wote ulikuwa mmoja, unashuka taratibu, unakaa chini, unapanda taratibu, bila kukatika popote. Kisha akaniongoza ghalani, akavuta kipande cha nne. Ndani yake kulikuwa na tabaka la mchanga ulioporomoka zamani kutoka mteremkoni. Mchanga wa namna hiyo hutua ule mnene kwanza, laini baadaye. Pale mnene ulikuwa juu.

"Hili tabaka nililiona," alisema polepole. "Nikasema ni la ajabu, nikalipita. Nilikuwa nimeshaupenda mchoro wangu."

Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea masanduku, nami nikacheka kwa woga, kisha kwa kweli. Safari alikwenda. Aliwaeleza wenzake kwamba mkondo ulilegea polepole na ukarudi polepole, jambo ambalo halikumshangaza mtu, na alirudi ametulia. Barua yangu ya ajira ilikuja na maoni yake kwa mkono: "Mwaminifu. Asiachwe na sabuni."

Baada ya hapo nilitumwa mara mbili melini, ambako nilitapika kwa bidii na kufanya kazi kwa bidii hiyohiyo. Mtunza Ghala alipostaafu nilikalia kiti chake, na amri yangu ya kwanza ilikuwa kwamba mshale uchongwe kwa msumari, ncha zote mbili za mrija. Siku hizi mashine hupiga picha mrija mzima kabla haujafunguliwa, na vijana niliowaachia ghala wanajua mengi nisiyoyajua. Nafurahi kwa hilo, ingawa bado hawawezi kukaa kwenye baridi.

Sasa niko Bumbuli, nalima liki na karoti zangu. Wiki iliyopita wanafunzi walikuja kunihoji, na binti mmoja akaniuliza kama siku ile, njiani kwenda kusema, niliogopa.

Niliogopa. Nilishuka milima na kuvuka tambarare yote nikijiona sina kazi tena. Lakini sijawahi kumwambia mtu jambo jingine lililokuwa moyoni mwangu ndani ya basi lile, nikiwa nimebanwa kati ya dirisha na magunia. Nilikuwa na furaha. Wataalamu wote wangesoma kwamba mkondo ule ulikatika, na haukuwahi kukatika. Maelfu ya miaka ulikwenda, ukilegea, ukipata nguvu, bila kusimama hata mara moja, na kwa siku ile nzima, katika dunia yote, ukitoa mama na kaka na liki zao, mtu pekee aliyejua hivyo alikuwa mimi.