Mama Springi na treni ya bati iliyokatazwa kuchezewa

Saa mbili na nusu asubuhi, mlango wa karakana uko wazi nusu tu, mwanga uingie na vumbi libaki nje. Mama Springi ameinamia chura wa bati asiyezidi kiganja. Lenzi ameibana kwenye jicho la kulia, ncha ya ulimi imechungulia pembeni mwa mdomo. Anasukuma gia kwa bisibisi nyembamba, anasikiliza, anasukuma tena.

"Hajafa huyu," anasema bila kuinua kichwa. "Amelala tu. Grisi imemgandia tumboni."

Chumba chenyewe ni hatua sita kwa nne. Ukutani zinaning'inia saa kumi na moja, kila moja na saa yake. Kwenye rafu kuna magari ya bati, dubu mpiga ngoma aliyepoteza mkono, na ndege asiye na mkia. Vingi vina umri mkubwa kuliko fundi mwenyewe, na yeye ana miaka hamsini na tisa.

Meza aliirithi kwa baba yake, fundi saa. Akiwa na miaka saba aliiba kutoka kwenye rafu ya juu mpanda pikipiki wa bati ambaye mteja alimwacha na hakurudi kumchukua. Alitaka kujua ni nini kinachomwendesha. Baba alimkuta sakafuni katikati ya vipande arobaini na kitu.

Hakupigwa. Baba alimpa bakuli la kukusanyia vipande, akamwambia hatagusa kichezeo kingine mpaka huyo mpanda pikipiki atembee. Ilimchukua miezi minne.

"Mpaka leo anaegemea kushoto," anasema na kucheka. "Lakini anatembea."

Zamani wiki nzuri ilileta saa thelathini. Simu za mkononi zilipoenea, saa zilizoletwa hazikufika tano. Kilichomwokoa ni muuguzi mstaafu aliyeleta gari la bati la utotoni mwake. Habari zikasambaa, wakaanza kuja wakusanyaji, watu wanaonunua vichezeo vya kale na kuviweka kwenye makabati ya vioo. Leo robo tatu ya riziki yake inatoka huko.

Pamoja na kazi hiyo likaja swali ambalo halimwachi: vichezeo hivi watoto wavichezee au wasivichezee? Wakusanyaji wanasema hapana. Wazazi huuliza kwa kunong'ona, kama wanaouliza jambo la aibu. Na fundi amekwisha kubadili jibu lake mara mbili.

Mwanzoni lilikuwa jepesi. Kichezeo ni cha kuchezewa, alikuwa akisema, basi. Kisha, miaka saba iliyopita, kijana mmoja aliyekuwa baba kwa mara ya kwanza alimletea gari jekundu atengenezewe mwanawe wa mwaka mmoja na nusu. Alilitengeneza likateleza kama jipya.

Miezi miwili baadaye kijana alirudi mikono mitupu. Mtoto alikuwa akilitafuna lile gari. Aliacha kula, tumbo likawa linamuuma, na hospitali wakakuta damu yake ina madini ya risasi, yale yaliyokuwa yakitiwa kwenye rangi za zamani. Matibabu yalichukua miezi kadhaa.

"Hakuja kunigombeza," anasema Mama Springi. Anaivua lenzi na kuifuta kwa pindo la aproni, ingawa si chafu. "Alikuja kuniambia ili nisimpe mtoto mwingine. Afadhali angenigombeza."

Mtoto alipona, sasa anasoma shule. Lakini kwa miaka mingi baada ya hapo hakuna mtoto aliyeondoka na kichezeo cha kale kutoka meza ile. Alijifunza kukwangua chembe za rangi na kuzipeleka kupimwa maabara. Hata zikirudi salama, bado alikuwa akikataa.

Hadi mwaka jana walipoingia kaka na dada waliokuwa hawasemezani vizuri. Mama yao alikuwa amefariki na kuacha treni ya bati, injini na mabehewa matatu. Dada alitaka binti yake wa miaka minane aichezee. Kaka, mtu wa miaka hamsini na saba, alikuwa ameifungia kwenye kabati la kioo. Mkusanyaji mmoja alikwisha kumwahidi bei ya pikipiki mpya, ilimradi isiguswe rangi. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba fundi aseme kama inatembea.

Aliifungua wakiwa wamekaa mbele yake, kila mmoja na benchi lake. Grisi ilikuwa imekauka ikawa kama gundi. Kilichomshangaza zaidi ni magurudumu. Aliyageuza chini ya lenzi mara tatu na hakuona hata mkwaruzo mmoja.

"Hii haijawahi kuchezewa," aliwaambia. "Hata siku moja."

Kaka mtu akasimulia, akiitazama meza. Treni ile aliletewa na baba yake alipokuwa na miaka minne. Mama aliitoa mikononi mwake jioni hiyohiyo na kuitia kabatini, isije ikaharibika. Alikuwa akionyeshwa treni hiyo siku za wageni tu. Alipokuwa mtu mzima, naye akaendelea kuitunza vilevile, bila kujiuliza inatunziwa nani.

Dada yake alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo.

Majibu ya maabara yalisema rangi ya mabehewa haina tatizo, lakini nyekundu ya magurudumu ina risasi. Fundi aliwaeleza wazi. Bila kuing'oa rangi hiyo na kupaka nyingine, mtoto asiiguse. Ikipakwa, yule mkusanyaji hataitaka tena. Kaka aliomba afikirie. Kesho yake asubuhi alipiga simu na kusema neno moja: "Paka."

Jumamosi iliyofuata walikuja watatu. Fundi alitandaza karatasi ngumu sakafuni, akampa binti masharti: si ya kutia mdomoni, hakuna kula wakati wa kucheza, kunawa mikono baadaye. Binti alizungusha ufunguo, treni ikapita chini ya benchi ikipiga kelele. Mjomba mtu alilala kifudifudi na suruali yake ya kazini ili aione ikitokea upande wa pili.

"Mjomba, zamani ulikuwa unaichezea hivi?" binti aliuliza.

"Hapana," alisema. "Leo ndiyo mara yangu ya kwanza."

Mama Springi anasema alijifanya anatafuta koleo ili wasiuone uso wake. Mtu akimuuliza sasa swali lile, naye humuuliza kwanza: mtoto ana umri gani, bado anatia vitu mdomoni, rangi imepimwa? Vichezeo vingine anavirudisha kabatini bila huruma. Vingine anavishusha sakafuni vichezewe.

Katikati ya kazi za watu ameanza yake mwenyewe. Chini ya meza kuna mabati mapya na makopo ya rangi isiyo na risasi. Amekwisha kuunda kuku watatu wanaodonoa ukizungusha ufunguo. Wa kwanza alidonoa akaanguka, wa pili anatembea kinyumenyume. Wa tatu yuko sawa. Anataka afikishe ishirini wa kuwapa watoto kabla shule ya chekechea ya ng'ambo ya barabara haijafunguliwa.

Je, angependa kuku hao watunzwe miaka hamsini ijayo? Anamgeuza yule wa tatu kiganjani.

"Hapana," anasema. "Nataka warudi hapa wameharibika."