Ubao wa Miguu ya Katuku

Ndambuki aliendesha trekta la shamba la mkonge kwa miaka thelathini na moja, akastaafu akidhani sasa atapumzika. Thubutu! Mwaka uleule figo za mkewe Katuku ziligoma, na tangu hapo kila Jumanne na Ijumaa humtoa Marungu kwa Ford yao kuukuu ampeleke Voi kusafishwa damu. Ikipita saa tatu asubuhi hajafika, mashine hupewa mgonjwa mwingine. Huu ni mwaka wa tatu. Ndambuki amechoka mpaka usingizi wenyewe humchosha.

Ijumaa moja, kabla hawajafika Maungu, gurudumu lilitumbukia kwenye korongo lililoachwa na mvua. Gari likaruka, kishindo, likazima. Stata ilizunguka vizuri lakini injini haikushika. Ndambuki alivunja matawi akayatandaza barabarani kuwaonya wenye magari, kisha akampigia simu Donald, fundi wao wa Voi, akamwambia pampu ya mafuta imekufa.

"Mzee, pampu haijakufa," Donald alisema. "Hiyo Ford iko na swichi ya kukata mafuta. Gari ikigongwa, inajizima yenyewe ndio moto usishike. Kwanza chungulia chini. Petroli ikivuja, usiguse kitu. Kama ni kukavu, angalia upande wa abiria, pale miguuni, nyuma ya kapeti. Kuna kitufe kimeruka juu. Kirudishe chini."

Chini kulikuwa kukavu. Lakini miguuni pa abiria palikuwa na ubao. Ndambuki mwenyewe aliutengeneza, maana miguu ya Katuku huvimba na ikining'inia inamuuma. Aliupiga randa, akaupaka rangi, kisha akaukongomea kwa misumari ya inchi nne kana kwamba anajenga zizi la ng'ombe. Swichi ilikuwa nyuma yake.

"Vunja, Baba Mumo," Katuku alisema, akiinua miguu yake kwa mikono miwili.

Aliuvunja kwa chuma cha jeki, na kila ulipolia ukipasuka, moyo ulimuuma. Akapiga magoti mchangani, akaingiza kichwa chini ya dashibodi, akapapasa nyuma ya kapeti. Kitufe hiki hapa, kimesimama.

Aliweka kidole juu yake, asibonyeze.

Pale chini palikuwa na kivuli. Akawaza, gari likikataa leo, si kosa la mtu. Watarudi nyumbani, alale hadi jioni. Kisha akakumbuka maana ya kukosa mashine, na aibu ikamshika.

"Umeiona?" Katuku aliuliza.

"Bado."

Alikuwa hajawahi kumdanganya kwa jambo la ugonjwa wake. Katuku akaweka kiganja kwenye upara wa mumewe.

"Ilipozima nilifurahi," alisema. "Mungu anisamehe. Nilisema moyoni, angalau leo sitadungwa."

Ndambuki alilia huku kichwa kikiwa chini ya dashibodi, bila sauti, mabega yakimtikisika. Katuku hakumwambia anyamaze. Alimwacha mpaka akamaliza, kisha akatazama saa ya simu.

"Ni saa mbili na dakika tano. Tukitoka sasa tutafika. Bonyeza, Baba Mumo, tukachokee mbele ya safari."

Akabonyeza.