Fundi wa beringi chini ya mteremko wa Faravohitra

Saa moja kasoro asubuhi, teksi ya Renault 4 inashuka mteremko wa Faravohitra injini ikiwa imezimwa. Hapa Antananarivo madereva wa teksi huzima injini mteremkoni ili kuokoa petroli, na gari hushuka kimya juu ya mawe ya barabara.

Chini, kando ya ukuta, amesimama Ravelonarivo, fundi wa magurudumu mwenye miaka sitini na saba. Amevua kofia yake ya majani na kulitegea gari sikio. Hatua chache kutoka kwake, mchuuzi Bakoly anageuza mofo gasy, vitumbua vya mchele, kwenye kikaango chenye mashimo.

Teksi inapopita, Bakoly anajikuna shingo kwa nyuma, kwa mkono wa kushoto.

"Nyuma, kushoto," anasema fundi.

Teksi inasimama na dereva, Herizo, anashuka akichechemea. "Rangahy, unasikia kuliko mbwa!" anatania. Rangahy ndivyo wazee wanavyoitwa hapa kwa heshima.

Mzee hacheki. Anainama kutafuta jeki.

Kazi hii ameifanya miaka arobaini na mmoja, na kibanda alikichagua kwa sababu ya mteremko. "Beringi ikianza kufa huimba," anaeleza. "Mwanzoni ni sauti nyembamba, kama nyuki ndani ya chupa. Injini ikiwaka huisikii. Ikifika kunguruma, umeshachelewa."

Adui wake ni mvua. "Gurudumu likitoka mteremkoni lina joto. Likitumbukia kwenye maji ya Isotry, kule bondeni, linapoa ghafla, linayavuta ndani kama mtu anayemeza. Grisi inageuka maziwa, gololi zinashika kutu."

Anafungua gurudumu la Herizo, anaitoa beringi na kuiosha kwa petroli. Maji yanayotoka ni mekundu kwa kutu. Gari hili lilisimama miezi saba na maji ya mvua ndani. Anaweka beringi mpya, anaijaza grisi kwa kiganja, kisha anakaza nati na kuilegeza kidogo.

"Wengine huikaza mpaka watoke jasho," anasema. "Wanadhani wanaisaidia. Nayo inataka kupumua."

Kisha anaketi juu ya tairi kuukuu, mikono magotini.

"Herizo, kaa hapa."

"Nina abiria wa kanisani, Rangahy."

"Kaa, mwanangu. Mwezi wa pili, ulipopita hapa, nilikuambia gari halisemi kitu. Halikuwa zima. Mimi ndiye nisiyesikia. Mwaka wa nne huu."

Bakoly ameacha kugeuza vitumbua. Vinaungua.

Siku mbili baada ya neno lile la mwezi wa pili, gurudumu la nyuma kulia liling'oka kwenye mteremko wa Ambanidia. Teksi iligonga ukuta na mguu wa Herizo ukavunjika mara mbili. Leo ni siku yake ya kwanza kurudi barabarani.

Masikio ya fundi yalianza kwa kupoteza sauti za wajukuu, kisha akapotea yule nyuki wa chupa. Hakumwambia mtu. Bakoly aligundua alipoona ameliruhusu gari lililokuwa likilia kama mbuzi liondoke. Gari lililofuata lilipolia upande wa kulia, alijikuna shingo upande huo huo, fundi akaelewa, na tangu hapo hawajawahi kulizungumza.

"Ningemwambia nini?" anauliza Bakoly. "Nilipofiwa na mume wangu, huyu ndiye aliyenitengenezea jiko hili. Kunyanyua mkono si kazi." Anafuta macho, labda ni moshi. "Siku ile Herizo alipopita hapa nilikuwa na homa. Sikuja."

Herizo anaupapasa mguu wake uliovunjika.

"Pale kitandani nililaumu maji," anasema. "Nikamlaumu mke wangu aliyenituma sokoni. Nikajilaumu mwenyewe. Wewe sikukulaumu hata siku moja."

Mzee anasogea karibu. "Umesemaje?"

Herizo anarudia, safari hii akimtazama usoni, neno moja moja. Fundi anainamisha kichwa. Amesoma midomo.

"Malizia gurudumu, Rangahy," anasema Herizo.

Wanalizungusha pamoja, likiwa bado juu ya jeki. Herizo ameinamisha sikio. Fundi ameweka ncha za vidole kwenye mkono wa chuma unaobeba gurudumu.

"Vipi?" anauliza mzee.

"Limenyamaza."

"Hata vidole vinasema hivyo."

Bakoly anamletea Herizo vitumbua vitatu vilivyofungwa kwenye gazeti, vile ambavyo havikuungua. Anaviweka kwenye kiti cha mbele. Kabla ya kuondoka anazunguka gari zima ili amuage fundi usoni, si mgongoni.

Saa nne, Ravelonarivo anachovya brashi na kuandika ukutani kwa herufi kubwa: FUNDI HASIKII. DEREVA, SHUKA MTEREMKO UKISIKILIZA, KISHA NIAMBIE.

"Utawafukuza watu, kaka!" Bakoly anapaza sauti.

"Wajue."

"Basi mimi sitajikuna tena. Nitapiga kelele."

Rangi haijakauka, na teksi mbili zimeshapita kimya bila kusimama. Huko nyuma alikuwa akifungua magurudumu sita kwa wiki. Hata vidole, anakiri, vimeanza kufa ganzi kwa petroli ya miaka yote hiyo. Angependa kumaliza msimu mmoja tu zaidi wa mvua, na kumfundisha kila dereva atakayesimama kumsikia nyuki wake mwenyewe.

Herizo ameambiwa na fundi arudi apimiwe nati, kwa kuwa beringi mpya hulegea kidogo ikishazoea.

"Hakusema atarudi," anasema mzee akifunika kopo la rangi. "Hakusema pia kwamba harudi. Lakini aliniuliza ni siku gani."