Mama Kufuli na Kisu Kisichofunguka

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya Jumamosi. Mwanamume mwenye mabega mapana amesimama mbele ya meza ndogo, amefumba macho kama mtoto anayesubiri sindano. Mikono yake miwili inachuruzika povu la sabuni. Mwanamke mfupi, miwani imefungwa uzi kisogoni, anamwekea kisu cha kukunja kwenye kiganja cha kushoto.

"Fungua," anamwambia.

"Mama, mimi natumia mkono wa kulia."

"Sijakuuliza unatumia upi. Fungua."

Mwanamume anahangaika. Dole gumba linateleza mara ya kwanza, linateleza mara ya pili, kisha kisu kizima kinamponyoka na kutumbukia kwenye beseni la maji lililo miguuni pake. Kwenye kibanda cha jirani, fundi viatu anacheka mpaka misumari aliyoibana midomoni inamwagika.

"Ndugu yangu, umekuja kununua kisu au umekuja kuposa?" anamuuliza.

Hivyo ndivyo anavyouza Mama Kufuli, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili, anayetengeneza na kuuza visu vya kukunja kwenye ujia mrefu wa ghorofa ya chini, mahali ambapo taa huwashwa hata mchana. Jina hilo alipewa na wateja wake: mafundi umeme, wapakiaji wa mizigo, washona maturubai, watu ambao kisu hulala nao mfukoni siku nzima.

Kwa wiki anauza visu vinne, vitano ikiwa ni wiki nzuri. Kimoja bei yake ni kama kibarua cha siku tatu, na wapo wanaosonya na kwenda zao. Hawaiti warudi.

Mteja akipenda kisu, anapakwa sabuni na kufumba macho. Atakifungua mara tatu kwa kushoto, mara tatu kwa kulia. Kikikubali, Mama Kufuli mwenyewe anakishika kikiwa wazi na kuupiga mgongo wake kwenye ukingo wa meza, tena na tena, kwa nguvu. Kufuli linaloshikilia ubapa likiteleza hata mara moja, kisu kinaingia kwenye kopo la vyuma chakavu, hata kama mteja alishatoa pesa.

"Watu wanatazama mpini unavyong'aa," anasema huku akifuta kisu kilichoanguka. "Mimi natazama kama ubapa unachezacheza ukiusukuma pembeni. Natazama kufuli. Natazama kibanio cha kukishikiza kwenye ukingo wa mfuko, maana kisu kikilala mfukoni pamoja na funguo, siku ya shida utatoa funguo. Na usiniambie unatumia mkono gani. Siku ya shida mkono utakaobaki huru huuchagui wewe."

Mwanamume mwenye mabega mapana amejifuta mikono, sasa anaelekeza kidole kwenye kisu kingine, chenye mpini mweusi wenye maua ya fedha. Anakiinua. Hapo hapo, kutoka ndani ya droo ya meza, unasikika mlio mmoja, mfupi, mkavu, kama ukucha unaovunjika.

Mama Kufuli anamnyang'anya kile kisu taratibu, anamwekea kingine mkononi. Fundi viatu ameacha kucheka. Ameinamia soli yake kama mtu asiyesikia.

*

Droo hiyo ina kufuli dogo, na ufunguo wake Mama Kufuli anauvaa shingoni. Ndani mna mawe ya kunolea, chupa ya mafuta na kisu kimoja kilichofungwa kwenye kitambaa. Kina mpini wa pembe ya ng'ombe. Kimeshika kutu mpaka ubapa na mpini vimekuwa kitu kimoja.

Kisu hicho alikinunua yeye mwenyewe, miaka ishirini iliyopita.

Wakati huo yeye na mumewe walikuwa wakifanya kazi kwenye kiwanda cha kamba za nailoni, yeye akifunga marobota, mume akisimamia mashine ya kusokota. Kila aliyesimama kwenye mstari wa mashine alitembea na kisu mfukoni, kwani swichi ya kuzima ilikuwa mwisho kabisa wa mstari, hatua thelathini. Kamba ikikunasa, hukimbilii swichi. Unajikata mwenyewe.

Mume alipopandishwa kuwa msimamizi, mke akataka kumpa zawadi. Alizunguka maduka mawili tu akachagua.

"Nilikipenda kwa vitu viwili," anasema. "Kilikuwa kizuri, na kilikuwa kigumu kufunguka. Nyumbani tulikuwa na mtoto mdogo. Nikasema, hiki hakitamkata mwanangu."

Kilifunguliwa kwa kuingiza ukucha kwenye mfuo mdogo ubavuni mwa ubapa na kuuvuta kwa nguvu. Ilihitaji mikono miwili.

Siku moja, saa tisa na robo alasiri, kamba ilinasa mkono wa kulia wa shati la mumewe. Mashine ilipozimwa, alikuwa ameshakufa. Kisu kilikuwa kwenye mkono wake wa kushoto, kimefungwa. Kwenye mpini wa pembe kulikuwa na alama mbili ndogo ambazo hazikuwepo asubuhi.

"Za meno," Mama Kufuli anasema, na anarudi kupaka mafuta skrubu iliyo mbele yake.

Walimletea kile kisu kwenye bahasha. Alijaribu kukifungua kwa mafuta, kwa koleo, kwa maji ya moto. Fundi viatu, aliyekuwa rafiki wa marehemu na mpaka leo anamwita shemeji, alikibana kwenye jiliwa lake akavuta mpaka jasho likamtoka. Hakikufunguka. Ndipo mjane akaacha kazi kiwandani. Alianza kununua visu vibovu, akivifungua kimoja kimoja sakafuni nyumbani kwake na kuvirudisha kama vilivyokuwa, hadi akajua ni kipi hukwamisha kisu na ni kipi hukiachia.

Kuhusu ule mlio, mwanzoni alidhani ni panya. Akaja akadhani ni mbao inayotanuka kwa joto. Lakini ulikuwa mlio wa kisu kinachofunguka, ile sauti ya ubapa kuingia kwenye nafasi yake, naye sauti hiyo anaijua kuliko anavyoijua yake mwenyewe. Kila alipoitazama droo, kisu kilikuwa kimefungwa kwa kutu vilevile.

Mwaka wa pili wa biashara, fundi magodoro mmoja alichagua kisu kizuri kabisa kwa macho. Droo ikalia. Mama Kufuli alikuwa hajauza kitu wiki nzima, akajifanya hakusikia. Baada ya siku kumi na mbili fundi alirudi, vidole vitatu vimefungwa bandeji. Kufuli lilikuwa limeachia ubapa ukamfungia vidole. Hakuja kudai pesa yake. Alikiweka kile kisu mezani akauliza, "Siku ile ni nini kililia humo ndani?"

Tangu hapo, droo ikilia kwa mteja, kisu kile hakiendi naye. Hata angekuwa na haraka ya namna gani.

*

Saa sita mchana binti yake anafika, miaka ishirini na mitatu, mtoto yule aliyeogopewa kukatwa. Mkononi ana barua. Jumatatu anaanza kazi kwenye kiwanda kilekile, mstari uleule. Mashine wamebadilisha, anasema. Swichi je, mama anamuuliza. Swichi iko palepale.

Mama hafokei. Anamwaga maji machafu, anajaza beseni upya, anamwambia anawe mikono kwa sabuni asiisuuze.

Kisu cha kwanza ni kile anachokisifia kuliko vyote, ubapa wa chuma cha pua, hauzidi upana wa kiganja. Kabla binti hajakikunjua, droo inalia. Cha pili, inalia tena. Cha tatu.

"Baba naye," binti anasema akiwa amefumba macho, "anachagua kuliko mama mkwe."

Kwenye cha nne fundi viatu bado anacheka. Kwenye cha sita hakuna anayecheka. Kwenye cha saba, ambacho ndicho cha mwisho mezani, binti anafumbua macho na kuitazama droo. Povu limeanza kumkauka vidoleni.

Mama Kufuli ameketi. Anasema polepole kwamba labda si visu vinavyokataliwa.

"Labda ni kazi yenyewe, mwanangu."

Binti anaongea, lakini haongei na mama yake. Anaiinamia droo, kwa adabu, kama mtu anayezungumza na mkubwa aliyelala.

"Baba, nimetafuta kazi miaka miwili. Ukiikataa hii, nionyeshe nyingine."

Mama Kufuli anainuka na kulimwaga kopo la vyuma chakavu juu ya meza. Kwa muda wa saa tatu hauzi, hali, hazungumzi. Anaokota ubapa mfupi wenye tundu kubwa ambalo dole gumba la mkono wowote linaweza kulisukuma. Kufuli analitoa kwenye kisu kingine, bati nene kuliko yote aliyonayo. Mpini wa kisu cha tatu, uliopasuka, anauzungushia mpira wa tairi la ndani la baiskeli ili usiteleze hata ukiloa. Anafunga skrubu, analegeza, anafunga tena, mpaka ubapa unatoka kwa kuguswa tu lakini hautoki kwa kutikiswa.

"Kibaya jamani," binti anasema kinapokamilika.

"Kinafanana na shangazi yangu," fundi viatu anasema. "Lakini yule hajawahi kumwangusha mtu."

Sabuni tena. Macho yanafumbwa. Mkono wa kushoto, mara tatu: kinafunguka, kinafunguka, kinafunguka. Wa kulia, vivyo hivyo. Mama anaupiga mgongo wa kisu kwenye ukingo wa meza mara thelathini, mara moja kwa kila hatua ya kuifikia swichi. Kufuli halitikisiki. Saa ya ukutani inaonyesha tisa na robo. Wote watatu wanaitazama droo.

"Amesemaje?" binti anauliza.

"Amenyamaza."

*

Jumatatu asubuhi Mama Kufuli anafungua droo ili atoe jiwe la kunolea. Kitambaa kimefunuka. Kisu cha mumewe kiko wazi.

Kutu imepasuka kwa mstari mmoja ulionyooka, kama udongo mkavu, na ubapa umesimama nje. Hauna doa. Unang'aa kama ulivyong'aa dukani, maana ni ubapa ambao haujawahi kukata kitu.

Fundi viatu anaitwa. Anachungulia, anarudi nyuma hatua mbili, anauliza ni nani amekifungua. Mama Kufuli anaugusa ufunguo uliopo shingoni.

"Kitie mafuta basi, shemeji, kisije kikajifunga tena."

"Sikigusi. Huenda kina kazi."

Siku hiyo anauza kisu kimoja tu, na droo hailii hata kidogo. Saa tisa na robo inafika na kupita. Kwa mbali king'ora cha kiwanda kinalia kubadilisha zamu, lakini zamu ya binti ni ndefu zaidi, na Mama Kufuli anabaki amesimama, kiganja chake kimelala juu ya droo kama anapima joto la mgonjwa.

Saa kumi na moja na nusu binti anatokea mwisho wa ujia. Nyuzi za nailoni zimemjaa nywele. Anatembea polepole, lakini anatembea. Mkono wa kulia wa shati lake umeishia juu ya kiwiko, umekatwa.

Mama yake haulizi ilikuwaje. Anauliza jambo moja.

"Mkono gani?"

"Wa kushoto," binti anasema. Anakitoa kile kisu kibaya na kukiweka mezani. "Nilifumba macho, mama. Hata sijui kwa nini. Kamba ilipovuta tu, nikafumba."

Ndani ya droo kitu kinalia, mara moja. Wanapoifungua, kisu cha pembe kimejifunga, na kutu yake iko kamili, haina hata ufa. Fundi viatu anakijaribu kwa koleo. Hakitikisiki.

Binti amesema kesho atarudi kazini, kwa sababu mshahara ni mshahara, na kwa sababu kwenye mstari wake wako watu kumi na wanane. Amevitazama visu vyao wakati wa chai. Kumi na wanne wana vile vya kufungua kwa ukucha.

Ndiyo maana Mama Kufuli amenunua beseni jingine na mche mzima wa sabuni. Ijumaa, zamu zitakapobadilishana, ataweka meza yake nje ya geti la kiwanda na kila atakayetoka atanawa, atafumba macho na kutoa kisu chake. Kitakachoshindwa atakirekebisha bila malipo. Msimamizi wa kiwanda amemwambia suala hilo litafikiriwa. Yeye hasubiri lifikiriwe.

"Natamani wakichomoe visu vyao kila siku mpaka wastaafu, na wasivihitaji hata mara moja," anasema.

Fundi viatu amekubali kumsaidia kubeba meza. Anauliza kama droo ibaki, ili mzigo upungue.

Mama Kufuli anamtazama juu ya miwani.

"Ibaki?" anasema. "Watu wote wale, shemeji, mimi peke yangu nitajuaje?"